Kadre Kubwa ya Omer Badibanga

"Simama vizuri, Omer. Miguu yote chini. Usisimame juu ya vidole kama mwizi wa kuku."

Omer Badibanga alishusha visigino vyake polepole, na kadiri visigino vilivyoshuka ndivyo nyusi zake zilivyopanda. Ile kinga, ndivyo Kolwezi wanavyoiita baiskeli, ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye mstari wa dhahabu, na bomba lake la juu lilimfikia pale ambapo mwanamume hapendi kufikiwa na chuma. Mgiriki mwenye magazini, yaani duka, ambaye Kolwezi nzima ilimwita Bwana Ngoja kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kitu bila kumwambia ngoja, aliinama akajaribu kupitisha ngumi kati ya bomba na suruali. Haikupita. Akajaribu vidole. Navyo vilikwama.

"Ngoja," alisema, akijinyoosha mgongo. "Weye iko na batoto ngapi?"

"Babili."

"Kama nataka ya tatu, shuka hii kinga."

Mstari mzima wa wateja wa chumvi ulicheka. Tshibola, mke wa Omer, alicheka pia, kisha akaziba mdomo kwa pembe ya kikwembe. Mke mwenye adabu hamcheki mumewe mbele ya mzungu. Anangoja wafike nyumbani.

Lakini haki ya kucheka alikuwa nayo. Nusu ya franga za kinga ile zilitoka katika munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, aliopika na kuuza mlangoni pake, akikoroga mpaka mikono ikanuka mizizi hata kanisani. Na kinga haikuwa ya kujipamba. Jumatatu Omer alitakiwa kuanza kazi ya kulinda pompi za kuvuta maji, kule ng'ambo ya Kingamyambo, ambako lori la wafanyakazi halifiki. Tangu aje kutoka Kasai alikuwa mtu wa koleo mgodini. Mlinzi wa pompi hashiki koleo, na hupewa nyumba yenye jikoni lake, si kupikia uani huku upepo unakutilia mchanga katika bukari, ugali wako. Mzungu wa pompi alisema neno moja tu: asiyekuwa mbele ya pompi king'ora kikilia, kazi inakwenda kwa anayemfuata. Na aliyemfuata ni Barnabé Mukendi, jirani yao, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye tangu siku ile alimsalimia Omer kwa sauti ya chini, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

"Leta ile ingine," Tshibola alisema.

Kulikuwa na mbili tu zilizobaki. Ile nyingine ilikuwa hiyo hiyo kwa rangi na kwa mstari wa dhahabu, haina vitesi, zile gia za kupandia mlima, kama mwenzake, na breki yake ni ile ile ya kurudisha pedali nyuma. Ila ilikuwa fupi. Tshibola alimwambia mumewe aweke kiwiko kwenye ncha ya tandiko na anyooshe vidole mbele. Viligusa usukani. Omer akaipanda, miguu ikakaa chini yote, na ngumi ya Bwana Ngoja ikapita kati bila kubisha hodi.

"Nani alikufundisha mambo ya kinga?" Omer aliuliza, hakufurahi.

"Kaka yangu, kule Kasaji. Alikuwa anapeleka muhogo ku gari-moshi. Akilala, mi nilikuwa naiba kinga."

Omer aliitazama ile ndogo. Akaitazama ile kubwa. Alikuwa mtu mfupi, na mkewe alimpita kichwa kizima. Wakienda misa yeye alitembea upande wa barabara ulioinuka. Kwa mtu kama huyo kinga si chombo cha kwendea kazini tu. Lakini alikuwa na akili pia, akapumua, akasema, "Basi. Ile kidogo."

Bwana Ngoja aligeuka akampigia kelele mkewe aliyekuwa chumba cha nyuma: "Simone! Weka ya Badibanga! Badibanga nakamata kadre! Kadre kidogo!" Kisha akawaambia warudi mchana, kwanza afunge pedali na kutia mafuta mnyororo. Ngoja.

Katika mstari wa chumvi alisimama Mama Valérie, ambaye masikio yake yalikuwa mazuri kuliko macho yake, na mdomo wake ulikuwa mzuri kuliko vyote viwili. Alisahau chumvi. Alitoka mbio.

*

Lazima ujue kwamba neno kadre, Kolwezi ya miaka ile, lilikuwa neno la nyumba mbili. Kwa Bwana Ngoja kadre ni mabomba ya kinga, yale yanayounganisha magurudumu. Lakini huko kazini kadre ni mtu: mtu wa juu, wa kulipwa kwa mwezi, mwenye nyumba yenye maua na bibi mwenye viatu. Kadre wote walikuwa Wazungu. Na ndiyo miaka watu walipoanza kunong'ona kwamba siku zinakuja, hata mtu mweusi atakuwa kadre, labda mwaka huu, labda ujao. Kila mtu katika kambi alikuwa akimtazama jirani yake aone kama ndiye.

Omer na Tshibola walipokata kona ya kwao walikuta beseni zinapigwa.

"Kadre anakuja! Kadre! Kadre!"

Wanawake walicheza na vijiko vya kupikia mkononi. Mtu alikuwa ameshaleta jogoo, amefungwa miguu, naye jogoo akishangaa kama Omer. Mama Valérie alimrukia Tshibola shingoni.

"We, mama! Unatufichaka juu ya nini? Bwana yako iko kadre, na we unakoroga munkoyo sawa sisi?"

"Kadre gani?" Tshibola alisema. "Mama Valérie, sikia..."

Hakuna aliyesikia, kwa sababu Mzee Tshibangu alikuwa amekwisha kusimama. Huyu mzee alijua kasala za nyumba zote za Kasai, na kasala si wimbo wa kuchezea. Ukianza kuitwa kwa majina ya baba yako na ya baba wa baba yako, mgongo unanyooka wenyewe, machozi yanakuja yenyewe. Akamwita Omer mwana wa Badibanga asiyerudi nyuma, mjukuu wa aliyevuka mto watu wakilia ng'amboni, kitukuu cha simba aliyekula akaacha mfupa ili wengine waogope. Omer akasimama kama anapigwa picha. Tshibola alimwona anakua. Alikua mpaka Tshibola akaingiwa na hofu.

Mzee alipomaliza, Mukendi alisogea mbele na ule urefu wake.

"Pongezi, jirani," alisema. "Lakini niulize. Banasema kadre iko kubwa na kidogo. Yako ni gani?"

"Mi nilisikia kidogo," alisema Mama Valérie, kwa uaminifu.

Beseni zikanyamaza. Jogoo akapiga kelele moja. Omer alimtazama Mukendi kutoka chini, akamtazama Mzee Tshibangu ambaye jasho la mababu lilikuwa bado linamtoka, akatazama mkewe. Tshibola alitikisa kichwa: hapana, hapana, hapana.

"Kubwa," alisema Omer.

Na beseni zikalia tena.

*

"Omer," Tshibola alisema walipoingia ndani, "kadre ni bile byuma bya kinga."

"Minajua."

"Sasa toka, uwaambie."

"Bankambo, bababu bangu yote, baliitwa pale inje, mmoja-mmoja. Nisimame mbele yao niseme kidogo?"

"Bankambo habapande kinga! Ni we utapanda!"

"Mutu anazoeaka kitu."

"Miguu haizoee, Omer! Miguu inabakia tu pale inaishia!"

Tshibola alicheka, naye hakutaka kucheka. Omer alitoka bila kula. Mchana alirudi akiisukuma ile kubwa, huku mstari wake wa dhahabu ukimetameta, na tandiko lake likiwa sawa na mbavu zake. Watu waliokuwa bado wanakunywa munkoyo wa bure wa Tshibola walishusha vikombe. Wakatazama kinga. Wakatazamana.

"Kadre yenyewe," alisema Mukendi taratibu, "ni kinga?"

Kilikuwa kicheko cha kuangusha viti. Mama Valérie alicheka kuliko wote, kana kwamba habari ile ililetwa na mtu mwingine. Mwenye jogoo alikuja akamchukua jogoo wake. Omer alivumilia yote, ameshika usukani kwa mikono miwili, na akasema jambo moja tu lililokuwa limembakia: "Lakini ni kubwa."

Mukendi peke yake hakucheka sana. Alikuwa anawaza. Jirani amepata kinga. Maana yake jirani anaweza kufika kule kwenye pompi. Maana yake Mukendi, ikimpasa kuwa pale jirani akichelewa, naye awe na kinga. Jioni ile alikwenda kwa Bwana Ngoja akanunua iliyobaki. Bwana Ngoja alimtazama kutoka unyayo mpaka kichwa, akafungua mdomo aseme kitu, akaona franga, akafunga mdomo.

*

Jumapili baada ya misa Omer alitoka kujifunza. Kupanda alipanda, akisimama juu ya jiwe. Kwenda ilikwenda pia, maana barabara ilikuwa inateremka, naye akinyonga upande huu mpaka kiuno kinapinda, kisha upande ule, kama mtu anayesaga unga kwa makalio. Watu walipiga makofi. Lakini breki ya kinga ile ni kurudisha pedali nyuma, na pedali ikiwa chini mguu wa Omer haukuifikia. Alipita katikati ya muhogo wa Mama Bilonda uliokuwa ukianikwa juu ya mkeka, akatoka upande wa pili mweupe kama mtu wa kutambika, na ukuta wa choo ukamfanyia kazi ya breki.

Tshibola alimpangusa unga. Kuna wakati kitambaa mkononi mwa mke ni hotuba.

"Kesho nitaenda mbiyo ya miguu," Omer alisema usiku huo, akila. "Nitasukuma tu, ili bamuzungu baone niko na kinga."

"Kwa miguu hutafika."

"Nitafika."

Wote wawili walijua hatafika.

*

Asubuhi ya Jumatatu baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma masikio. Tshibola alifunga bukari ya jana na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya kopo, akaifunga nyuma ya kinga. Omer akatoka akisukuma. Papo hapo lango la jirani likafunguka, na Mukendi akatoka juu ya kinga ndogo, magoti nje, moja upande wa mashariki na moja magharibi, kama panzi aliyekalia kiberiti.

"Tata Mukendi!" Tshibola aliita. "Leo si siku yako ya kupumzika? Unaenda wapi na hii baridi?"

"Kutembeza damu, mama. Ni muzuri kwa mwili."

"Unaitembeza upande wa pompi?"

"Damu inajichagulia njia," alisema Mukendi, akaenda zake, magoti yakigonga usukani, kwa, kwa, kwa.

Omer alijaribu jiwe. Kinga ikaenda, yeye akabaki. Akajaribu kichuguu cha mchwa. Alifika juu, akanyonga kidogo, akaangukia upande ambao hakuupanga, na suruali mpya ya kazi ikapata tundu. Akabaki amekaa chini, hatazami mtu. Mukendi alikuwa amekwisha kuwa mdogo barabarani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake udogo ule, wa mtu aliyetangulia, ulikuwa unampendeza.

Jambo fulani lilimpanda Tshibola kifuani. Alifikiri lile jikoni. Alifikiri koleo. Lakini nikikuambia ni jikoni na koleo tu nitakudanganya. Alikuwa anaitazama ile kinga imelala pale na tandiko lake refu, na miguu yake ilikuwa inawasha.

"Mama Kabedi!" aliita juu ya ukuta. "Batoto bangu! Ubaangalie kidogo!"

"Nabaangalia!" akajibu Kabedi, mke wa Mukendi, bila kujua anamsaidia nani.

Tshibola akavuta kikwembe, akakifunga katikati ya miguu kama wanawake wanaovuka mto. Akainua kinga. Akapitisha mguu juu ya bomba, na mguu mwingine ukabaki chini, umetulia, na nafasi ya ngumi ikiwepo. Kinga ile ilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

"Kamata nyuma," alisema.

"Tshibola. Watu."

"Watu baliona muhogo jana. Kamata!"

Omer akapanda nyuma, akakumbatia kopo lake la bukari.

*

Loo! Walikwenda! Baridi ikawa upepo, upepo ukawa wimbo. Mnyororo mpya ulilia katika mafuta ya Bwana Ngoja, vumbi jekundu likainuka nyuma, na mbwa waliokuwa wamelala barabarani waliondoka kwanza wakauliza baadaye. Wanaume waliokuwa wakienda kwenye lori walisimama, koleo begani.

"Eh! Mwanamuke anabeba mwanaume!"

"Tata, unakata tiketi wapi?"

"Inama, Omer," alisema Tshibola. "Unakamata upepo."

Omer aliinama, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya macho ya watu. Walimkuta Mukendi kwenye mlima. Kinga isiyo na vitesi hupandwa kwa mguu tu, na mguu usioweza kunyooka haupandi mlima. Miguu ya Mukendi ilikunjika mara mbili kama kiti cha kanisani. Alisikia mnyororo nyuma, akageuka, akaona, akataka kunyonga zaidi, goti likampiga kidevu.

"Mama Tshibola! Hii ni desturi ya wapi?"

"Ya Kasaji, tata! Chunga meno!"

Walimpita. Omer, ambaye tangu nyumbani hakuinua kichwa, aliinua mkono akampungia. Hakuweza kujizuia.

Juu ya mlima waliziona pompi, na ua, na mzungu wa pompi amesimama langoni anatazama saa yake.

"Nishushe hapa," Omer alisema haraka. "Hapa, hapa. Nimalizie na miguu."

"Unataka kufika na heshima ao unataka kufika?"

Hakungoja jibu. Alipita lango, walinzi wakajitupa pembeni, akarudisha pedali nyuma kwa mguu mrefu ulionyooka, na kinga ikasimama kimya mbele ya viatu vya mzungu. Ndipo king'ora kikalia. Kililia kirefu, na muda wote kilipokuwa kinalia watu wa pompi walimtazama Omer akishuka na kopo lake, na tundu lake la suruali.

Mzungu alimtazama Tshibola, akamtazama Omer.

"Badibanga," alisema. "Nani atachunga pompi? Weye ao madame?"

Walinzi walikufa kwa kicheko. Omer alikuwa na maneno mengi ya kuchagua hapo. Angeweza kusema ameumia mguu. Angeweza kusema mkewe ana wazimu, na wangemwamini.

"Pompi ni mi, bwana," alisema. "Kinga ni yeye."

Mzungu alikohoa kikohozi kilichokuwa karibu na kicheko, akamwonyesha kidole njia ya pompi. Kazi imekamatwa.

Lakini Omer hakwenda mara moja. Mukendi alikuwa anaingia langoni, anatweta, suruali imechanika magoti yote mawili. Omer alimwendea, akasimama mbele yake, akitazama juu kama siku zote.

"Mukendi. Tubadirishe. Mi nataka kadre kidogo."

"Sema tena!" akapiga kelele mlinzi mmoja. "Hatukusikia!"

"Kidogo!" Omer alipaza sauti mpaka mapompi yakasikia. "Kadre kidogo! Sawa mi!"

Mukendi ndiye aliyestahili kucheka. Mdomo wake ulianza kujipanga, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kumsaliti: mmoja ulikuwa unamsukumia Omer ile kinga ndogo kabla hajamaliza kusema, na kwa ule mwingine anajisugua goti. Omer akaipanda pale pale uani, miguu yote chini, akazunguka pompi mara moja, akapiga kengele, ting ting, akaenda kazini.

*

Basi wakabaki wawili na kinga kubwa moja, ambayo sasa ilikuwa ya Mukendi.

"Panda nyuma, mama, nikurudishe," alisema Mukendi, kwa heshima ya mtu aliyeshindwa. Akapitisha mguu. Akakaa. Akakunja goti ili anyonge, akatoa sauti ambayo sitaiandika.

"Pole, tata."

"Ni kidogo tu."

"Unaweza kutembea?"

Mukendi aliutazama mlima. Aliwatazama walinzi. Akatazama mbali, upande wa Kasai, kana kwamba anawaomba msamaha watu wa huko.

"Mpaka ku kona tu," alisema. "Pale ku kona nitashuka."

Kona ikaja, ikapita. Alikuwa mtu mrefu, ilimbidi ainue miguu yake imenyooka ili isiburute, na ikinyooka hivyo maumivu yalitulia. Kisha mteremko ulikuwa mzuri, na Tshibola alikuwa anapiga mluzi. Waliingia kambini jua limeshapanda. Watu walikuwa nje. Mama Valérie alikuwa nje, mdomo wazi, na kwa mara hii hakukutoka kitu.

Kabedi alisimama mlangoni pake na watoto wa Tshibola wawili wameshika kikwembe chake.

"Mama Tshibola," alisema polepole. "Ulienda na bwana yako. Unarudi na yangu?"

"Yangu iko kwa kazi. Huyu nilimuokota njiani, anaumwa magoti. Kuja umushushe."

Kabedi alikuja, akamshika mumewe kwapani, akamteremsha kama anateremsha mtungi. Mukendi aliposimama sawasawa alisafisha koo na kunyoosha mkono apokee kinga yake.

Tshibola aliutazama ule mkono. Kisha akawatazama watoto.

"Balikula?"

"Balikula," alisema Kabedi.

"Basi narudi sasa hivi, tata," alimwambia Mukendi, na mguu wake ukakanyaga pedali, na kinga ikaondoka, ikapita nyumba ya Mzee Tshibangu, ikapita Mama Bilonda aliyenyakua mkeka wake wa muhogo, kikwembe kikipepea nyuma, naye anacheka kwa sauti, mwanamke mzima, katikati ya barabara, hana aendako.